Mwandamo wa Ukingoni

Kosa la Chumu Hamad lilikuwa kutia hamira kabla mwezi haujaonekana.

Hata huko Micheweni alikozaliwa, mpishi mwenye akili zake husubiri kwanza asikie mwezi umeandama, ndipo aguse unga wa mchele. Chumu alikuwa na haraka. Tena alisahau kwamba yuko Mwezini, ambako kila kitu kina uzito wa sehemu moja ya sita ya uzito wa nyumbani. Hamira haikusahau. Uji wa mkate wa kumimina, mchele wa kituo kizima uliowekwa akiba miezi minane, pamoja na tui la unga na iliki, ulifura ukajaa beseni, ukainua kifuniko. Mize Haji alipoingia jikoni saa nane mchana aliukuta umesimama juu ya beseni kama kilemba, unatetemeka, haumwagiki.

"Usipige chafya," Chumu akamwambia kwa sauti ya chini. "Nakuomba Mize, hata kusema usiseme kwa nguvu."

Mize akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amefunga siku ya ishirini na tisa na midomo ilimkauka, lakini kucheka hakubatilishi saumu.

"Cheka tu. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Majiko yangu yanapata umeme saa ngapi?"

Swali hilo lilikuwa la Mize hasa, maana yeye ndiye fundi wa paneli za jua. Kituo cha Ukingoni kilichimbiwa chini ya vumbi, kwenye ukingo wa mashariki wa ule uso wa Mwezi unaoitazama Dunia. Huko mchana mmoja huchukua wiki mbili, kisha usiku nao wiki mbili. Saa za Pemba walizozifuata ndani zilikuwa za kulalia, kulia chakula na kuswalia tu. Usiku mrefu ukiingia, kituo huishi kwa umeme wa akiba: hewa, maji, taa chache na chakula cha kupasha moto. Majiko makubwa husubiri jua. Jua likichomoza, Mize hutoka nje akafungua paneli mia nne, akazifuta vumbi, akaandika kwenye daftari lake, akarudi ndani akalala usingizi wa pono.

"Jioni hii," alijibu. "Saa kumi na mbili hivi. Ngoja nikatazame daftari nikupe na dakika."

"Alhamdulillahi! Jua jioni, mkate usiku, Sikukuu kesho."

"Sikukuu kesho kasema nani?"

Chumu akajifanya anafuta meza, nayo meza ilikuwa safi.

Hapo ndipo palipokuwa na mzozo. Kila mwaka Waislamu wa Ukingoni, sitini na wawili kwa hesabu, husikiliza tangazo la mwezi kutoka nyumbani. Safari hii dhoruba ya jua ilikuwa imeunguza minara ya mawasiliano. Siku ya tatu hiyo hakuna salamu, hakuna habari, hakuna tangazo. Palipokosekana tangazo likafumuka lile ambalo tangazo hulifunika: wako walioshika kwamba mwezi ukionekana popote watu wote wafungue, na wako walioshika kwamba kila watu na mwezi wa kwao. Ugomvi huo walikuja nao kutoka nyumbani, ijapokuwa kila mtu aliruhusiwa kilo ishirini tu za mizigo. Wa Popote, kwa kutegemea hesabu ya mashine ya kituo, walikwisha kuapa kwamba kesho wanakula. Wa Kwetu walikwisha kuapa kwamba asipopatikana shahidi wanatimiza thelathini. Sikukuu mbili, katika ukumbi mmoja wa hatua thelathini. Na mkuu wa kituo alikuwa ametoa siku moja tu ya mapumziko, kesho. Keshokutwa kila mtu angetawanyika machimboni kwa wiki mbili za jua, na walioshikilia thelathini wangekula Sikukuu yao mmojammoja, vumbini, ndani ya mavazi ya nje.

"Mize," Chumu akasema, akasogea. "Watu wote wanakuamini. Wewe ndiye unayetoka nje, wewe ndiye mwenye darubini. Mashine imeshapiga hesabu kwamba mwezi leo utaonekana. Sema umeuona."

"Chumu, mwezi tumeusimamia. Nitauona wapi?"

"Nani atakuuliza wapi? Na jambo lenyewe si kweli? Uongo gani huo, wa jambo la kweli?"

Swali hilo lilimgusa Mize. Lilimkera, kwa sababu alitaka sana kukubali. Miezi minane amekula na watu hawa, amelia nao, amecheka nao, na kesho alitaka kuwaona wote wakiswali pamoja. Neno moja tu lake lingetosha.

"Maalim ataniuliza," akasema mwishowe, akatoka.

*

Maalim Shaame Kombo alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alikuwa fundi wa mitambo ya kusafisha maji. Ndiye pia aliyewaswalisha. Zamani kabla ya yote hayo alikuwa mwalimu wa Mize huko Micheweni, tena mara mbili kwa siku: asubuhi alimfundisha fizikia skuli, alasiri akamfundisha Kurani chuoni, kwa kanzu ileile na ukali uleule.

Mize alikuwa na miaka kumi na minne siku alipopewa uzi wenye jiwe apime linachukua muda gani kwenda na kurudi mara ishirini. Alipima mara mbili, akachoka, na mara ya tatu akaandika jibu alilojua lingetoka. Jibu lilikuwa sahihi. Maalim alilitazama, kisha akamtazama yeye.

"Umeona au umedhani?"

"Lakini ni sahihi, Maalim."

"Sikukuuliza kama ni sahihi."

Alimfutia alama za somo zima. Na alasiri ileile chuoni, walipofika kwenye mlango wa ushahidi, alimwita mbele ya wenzake amweleze shahidi ni nani. Mize akasema huku machozi yanamtoka: ni mtu anayesema alichokiona, haongezi, hapunguzi. "Sasa umelijua somo la asubuhi," Maalim akamwambia, akampa embe.

Watu wanaosema elimu ya maabara na elimu ya chuoni haziwezi kukaa nyumba moja, Mize aliwastaajabia tangu siku hiyo. Yeye alizikuta zimekaa ndani ya mzee mmoja mwenye kiherehere, na hazikugombana hata siku moja.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye Mize alishindwa kumridhisha. Mama yake, Bi Shumbana, alimuaga kwa dua zote, ila mtaani palikuwa na maneno. Mwezi tumeambiwa tuutazame, walisema, hatukuambiwa tuukanyage. Bi Shumbana hakuwajibu, wala hakumlaumu mwanawe. Aliacha tu kutoka nje mwezi unapoandama. "Tangu uende huko siutazami," aliwahi kumwambia simuni. "Naogopa. Sijui hata naogopa nini." Maneno hayo yalimuuma Mize kuliko tusi, na miezi minane alikuwa akitafuta la kumjibu.

*

Saa kumi walikusanyika ukumbini wote, wa Popote kulia, wa Kwetu kushoto. Katikati alisimama mkuu wa kituo, Mhandisi Kokugonza, Mhaya mrefu asiyependa mikutano.

"Mimi ni Mkatoliki, mwezi wenu haunihusu," alianza, na watu wakacheka. "Ninachotaka ni Sikukuu moja. Mashine tunayo. Tuiulize tumalize."

Mashine yenyewe waliiita Hesabu. Ndiyo iliyopanga hewa, maji na zamu za kazi, na tangu kituo kijengwe haijakosea hata kwa glasi moja ya maji. Mhandisi akaiuliza. Hesabu ikajibu kwa sauti yake ya upole: leo baada ya jua kuzama Pemba, mwezi mwandamo utakuwa juu ya upeo kwa dakika arobaini na nne, uwezekano wa kuonekana kwa jicho, mawingu yasipokuwepo, ni tisini na nne kwa mia.

Upande wa kulia ukapiga makofi. Maalim Shaame akainua mkono.

"Hesabu, nakushukuru. Umeuona?"

"Sina uwezo wa kuona mwezi kutoka hapa, Maalim."

"Angalau huyu mkweli," Maalim akasema. "Jamani, mimi hesabu siikatai. Nimeifundisha miaka thelathini. Hesabu inaniambia nitazame lini na nitazame wapi. Lakini nimeagizwa nitazame. Huwezi kumwambia mtu aliyekualika harusini kwamba hukuja lakini ulipiga hesabu kwamba bibi arusi amependeza."

Hapo hata wa Popote walicheka. Chumu peke yake hakucheka. Alisimama.

"Maalim, shahidi yupo. Mize hutoka nje na darubini. Muulize."

Nyuso sitini zikamgeukia Mize.  Wengine walimtazama kwa matumaini kiasi kwamba alitamani kuwapa chochote wanachotaka.

"Mwanangu," Maalim akamwita, kama zamani. "Umeona au umedhani?"

Mize akasogea mbele, akasimama baina ya pande mbili.

"Sijaona, Maalim," Mize akasema. "Nadhani. Nadhani kwa nguvu sana. Lakini sijaona."

Upande wa kulia ukaguna. Mtu mmoja akatupa kofia chini, ambayo kwa uzito wa Mwezini ilishuka polepole hata hasira yake ikawa haina maana. Mhandisi Kokugonza akashika kichwa. Maalim akainama kidogo kumshukuru Mize, lakini Mize hakuona fahari yoyote. Aliona amevunja Sikukuu ya watu sitini na mmoja, na yeye wa sitini na mbili.

*

Akaenda chumbani kwake kufanya kitu kimoja alichoweza kukifanya, kumtafutia Chumu dakika zake za umeme. Daftari la Mize lilikuwa la karatasi. Kila safari aliyofungua paneli aliandika saa jua lilipochomoza, hali ya vumbi, na tarehe mbili ubavu kwa ubavu, ya miladi na ya Kiislamu. Hii ya pili ilikuwa mazoea aliyotoka nayo chuoni kwa Maalim, ambaye hakupokea kazi yoyote yenye tarehe moja.

Akapitisha kidole. Jua limechomoza, tarehe mosi Rajabu. Jua limechomoza, mkesha wa mosi Shaabani. Jua limechomoza, mkesha wa mosi Ramadhani.

Kidole kikasimama.

Akarudi juu ya ukurasa. Mosi. Mosi. Mkesha wa mosi. Mara saa chache kabla, mara saa chache baada, miezi minane yote. Mize akajipiga kibao cha paji la uso, na kikalia.

Miezi yote hiyo aliandika jibu kwa mkono wake asilisome. Mwezi unaoandama si kitu kipya kinachokuja angani. Mwezi ni huuhuu, haukuondoka. Kinachozaliwa ni mwanga. Unapokaa baina ya Dunia na Jua, uso unaotazama Dunia wote unakuwa usiku. Kisha jua huanza kuupiga ukingo wake wa mashariki, kipande chembamba tu, na watu wa nyumbani wakinyanyua macho huona kile kipande, wakapigiana kelele: ule, ule! Na ukingo wa mashariki ndio huu, ndio uliokipa kituo jina lake. Kwa hiyo alfajiri ya hapa, hiyo anayoitokea kila mwezi na kitambaa cha kufutia vumbi, ndiyo mwandamo wa kule.

Hakutembea, alirukaruka mpaka mitambo ya maji, hatua tatu kwa moja, akapita kona akagonga bomba.

"Shikamoo Maalim! Umewahi kutoka nje?"

"Marahaba. Sijawahi, na nimekula yamini sitatoka. Nina kizunguzungu."

"Maalim, utalipia kafara ya yamini. Vaa."

*

Ilichukua dakika hamsini kumvalisha. Maalim alilalamika kuhusu glavu, kuhusu viatu, kuhusu kofia ya kioo iliyombana ndevu. Saa kumi na mbili kasorobo walitoka mlango wa mwisho, Maalim ameshika mkono wa Mize kwa mikono miwili.

Nje kulikuwa giza, na juu nyota zisizometameta. Mbele yao, chini karibu na upeo, ilining'inia Dunia, karibu duara kamili, ya buluu. Maalim akasahau glavu, viatu na ndevu. 

"Kibla," akasema taratibu. "Naiona kwa macho yangu. Ile pembeni kabisa, hudhurungi, inayoingia gizani, ndiyo kwetu?"

"Ndiyo kwetu. Jua linawazamia sasa hivi. Wako nje wanatazama huku."

Saa ya Pemba iligonga Maghribi masikioni mwao. Wakafungua kwa maji ya mrija ndani ya kofia, kila mtu na bismillahi yake.

Halafu ncha ya kilima kilichokuwa mbele yao ikawaka.

Ilikuwa nukta tu, nyeupe, juu kabisa. Nukta ikawa mstari, mstari ukateremka. Mawe yakaanza kuwaka moja moja, kila jiwe na kivuli kirefu. Mwanga ukawafikia kofia, ukawashuka kifuani, ukafika miguuni, na vumbi walilolikanyaga likang'aa kutoka walipo hadi nyuma yao mwisho wa upeo, ukanda mmoja mrefu. Mize alikuwa ameiona alfajiri hii mara nane na hakuwahi kuiona. Alikuwa na furaha ambayo haikumtosha kifuani, akajikuta anailia.

"Maalim," akasema, "hiki ndicho wanachokitafuta. Kauzi kenyewe ka mwanga. Tuko ndani yake."

Maalim aligeuka akalitazama jua kupitia kioo cheusi, akatazama vumbi, akatazama Dunia. Mize alimsikia anapumua.

"Hebu twende polepole," akasema, na ilikuwa sauti ya darasani. "Watu wa Duniani wakitoa ushahidi, wanashuhudia nini?"

"Mwanga wa jua juu ya ardhi hii."

"Sisi tumeona nini?"

"Mwanga wa jua juu ya ardhi hii."

"Tofauti?"

"Umbali tu, Maalim."

"Wallahi sijasoma popote kwamba shahidi alikataliwa kwa kosa la kusogea karibu." Akaanza kucheka, kicheko chembamba cha kizee. "Wa Popote wameupata, na wa Kwetu hawatapata wa kwao kuliko huu! Na kama Pemba kuna mawingu?"

"Hilo siwezi kulishuhudia."

"Wala usilishuhudie. Mawingu ni yao. Huku hakujapita wingu tangu kuumbwe." Akamwachia mkono. "Mize Haji. Umeona au umedhani?"

"Nimeona," Mize akasema. "Nimeona kwa macho yangu, na nimeukanyaga."

Maalim akaielekea Dunia akaporomoka kusujudu. Lakini mavazi ya nje hayakushonwa kwa sijida. Magoti yalikunjika nusu, kofia ikadunda vumbini, mzee akarudi juu kwa mdundo, akashuka tena, na safari hii akabaki amelala kifudifudi miguu inapigapiga.

"Subhanallah," ilisikika sauti yake redioni. "Sasa ninyanyue, mwanangu."

Walikuwa wamesahau kwamba redio ya mavazi husikika ukumbini. Walipozima kicheko chao wakasikia cha watu sitini, kulia na kushoto pamoja, na nyuma yake sauti ya Mhandisi Kokugonza: "Mtu aniambie! Ni kesho au si kesho?"

Maalim alikuwa bado ubavuni, nusu amenyanyuliwa. Alipiga takbira kutoka hapohapo alipo. Ukumbi ukaipokea, sauti za Pemba na Lamu na Ngazija, na Mize akaisikia yote ndani ya kofia yake alipokuwa akienda kufungua paneli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya ishirini Chumu alipiga ukelele kwamba majiko yamewaka. Alipofika ya thelathini alipiga mwingine, kwamba uji umemwagika, lakini uliobaki unatosha.

*

Asubuhi yake waliswali safu tatu, hakukosekana mtu. Mkate wa kumimina ulifura mpaka ukawa na urefu wa mkono, mwepesi hata ulibidi kushikwa usiondoke mezani. Mhandisi Kokugonza alikula vipande vinne na kuuliza kama kuna Sikukuu nyingine karibu.

Katikati ya kula, mafundi wakapiga kelele kwamba mnara mmoja umepona. Salamu za siku nne zikaingia kwa pamoja. Ya Mize ilikuwa moja, sauti ya mama yake, ya jana yake usiku. Aliisikiliza amesimama, mkate mkononi.

"Mize mwanangu, hujambo? Simu zenu zimekatika, siku ya tatu leo. Nimeuliza kila nyumba, hakuna anayejua lolote. Basi leo watu wamepanda juu ya paa la skuli kutazama mwezi, nami nimekosa pa kukutafuta ila hukohuko juu. Nikawaambia nipandisheni. Wakanipandisha na kiti changu. Nilikuwa naogopa, mwanangu, sikufichi, nilifumba macho kwanza. Halafu watu wakapiga kelele, nikafumbua. Kembamba, ka kung'aa, Mize, kazuri hivyo sijapata kuona. Wakaniuliza, Bi Shumbana, mbona walia, na mwezi umeonekana? Nikawaambia mwezi mmeuona ninyi. Mimi nimemuona mwanangu."